Saa Mbili ya Vuga

Gari ya Hashil ni nyeupe, imezeeka kama mwenyewe, na kiti chake cha mbele ni changu. Sikukiokota. Nilikipata siku Hashil alipokuja kuniambia, huku akitazama vidole vya miguu yake, kwamba anataka kuoa mke wa pili. Siku ya kwanza nililia ngoa mpaka majirani wakaja na uji. Siku ya pili nikanawa uso, nikamwita.

"Oa," nikamwambia. "Lakini nina masharti. Usiku wa kuamkia Ijumaa ni wangu, haubadilishwi kwa harusi, kwa msiba wala kwa mvua. Na kiti cha mbele cha gari ni changu. Huyo mwali wako akitaka kupanda, akae nyuma na vikapu."

Akakubali. Mwanamme anayetaka kuoa hukubali kila kitu. Ungemwambia apake rangi msikiti wote peke yake, angekuuliza brashi iko wapi.

Huyo mwali ni Saadiya, mtu wa Jambiani. Mwali mwenye wajukuu, lakini mwali. Anatengeneza sabuni za mwani, anazitia karafuu na mchaichai, anazifunga vizuri kwa ukili na kuwauzia wageni. Hashil alimtafutia nyumba Vuga, juu ghorofani, dirisha lake linatazama barabara. Mimi nipo Mkunazini, ndani kabisa, kwenye vichochoro ambavyo gari haiingii hata ikijibana. Utazame uadilifu huo: mke mdogo anafikiwa na gari mlangoni, mke mkubwa anafikiwa kwa miguu.

Sisemi kwamba nina wivu. Nasema tu kwamba Hashil akija kwangu ananukia sabuni ile, na mimi hulala nikijiuliza kwa nini mtu mwenye shingo moja aoshwe kiasi hicho.

Basi tukakaa hivyo, zamu kwa zamu, hadi macho ya Hashil yalipoanza kumpotea. Daktari akamwambia aache kuendesha. Alikuja kwangu na habari hiyo Jumatatu, akaanza kwa kuisifu chai yangu, nikajua kuna jambo.

"Bi Dalal," akasema, "gari nataka kuiandikisha kwa jina la Saadiya."

Nilikuwa namimina chai. Nikaendelea kumimina. Kikombe kikajaa, kisahani kikajaa, nikaendelea.

"Ana leseni," akasema upesi. "Na ana mizigo yake ya sabuni, anaipeleka mpaka Kendwa kwenye mahoteli. Mimi gari itanifaa nini? Atatuendesha sote."

"Sote. Na mimi nitakaa wapi?"

"Si mbele? Kiti chako palepale."

"Palepale, ndani ya gari ya Saadiya. Nikitaka kushuka nimwombe ruhusa Saadiya, nikisikia joto nimwombe Saadiya nifungue kioo. Kunywa chai yako, bwana."

"Imo kwenye kisahani."

"Inywe kwenye kisahani."

Wiki haikwisha, wakaenda wao wawili ofisini kubadilisha jina. Nilijua wamekwenda kwa sababu Hashil alivaa kanzu ya Idi. Nikakaa barazani, namwona Saadiya katika mawazo yangu akitia saini, tena saini ndefu yenye mkia. Hashil akarudi kwangu jioni amenuna.

"Wamekataa," akasema. "Ati gari ina faini. Miaka mitatu nyuma niliiweka mahali pasiporuhusiwa. Ati haibadilishwi jina mpaka faini ilipwe. Faini ya miaka mitatu, Dalal! Hata maziwa ya kopo huandikwa tarehe ya kuharibika."

"Pole," nikasema, na uso wangu nikaukaza usicheke.

"Silipi. Imeshakufa ile. Nitamwita Ulfat aniandikie barua kwamba muda wake umepita."

Ulfat ni mtoto wa kaka yangu, ni wakili, ana miwani na sauti ya upole. Nikasema mwite, mwite hata leo. Nilikuwa nimeshaipenda faini ile kabla sijaiona. Nilikuwa nikiomba kimoyomoyo iwe hai, iwe na afya njema, iishi kuliko sisi sote, maana maadamu ipo, gari haiendi kwa Saadiya.

Ulfat akaja alasiri moja na karatasi aliyoichapisha kule ofisini. Hashil alikuwepo, na Saadiya akaletwa pia, kwa kuwa gari inamhusu. Akaingia kwangu na kipande cha sabuni.

"Zawadi yako, Bi Dalal. Hii ya mdalasini, mpya."

"Ahsante. Hashil nshamnusa nayo, naijua."

Akacheka. Ana cheko zuri, Mungu anisamehe, cheko la mtu aliyeshiba.

"Shikamoo, shangazi," Ulfat akanisalimu, akatandaza karatasi yake kwenye mkeka.

"Marahaba, mwanangu. Hebu tuambie. Faini huzeeka au haizeeki?"

"Inategemea, shangazi. Hapa kuna saa mbili zinazokwenda, siyo moja."

"Saa mbili?" Hashil akashtuka. Wakati ule sikujua kwa nini ameshtuka.

"Namaanisha saa za ukutani, mbili. Ya kwanza ni ya wao wanaoshitaki. Kosa dogo namna hii, wakilinyamazia muda mrefu bila ya kukwambia kitu, pengine sheria itawaambia mmeshachelewa. Lakini hawa hawakunyamaza. Karatasi ilibandikwa kwenye kioo cha gari siku ileile. Saa yao ilisimama pale. Sivyo, Mzee Hashil?"

"Niliona karatasi," akanung'unika. "Nilidhani tangazo la sabuni."

"Saa ya pili ni yako wewe. Kama umeona umeonewa, ulipewa siku za kwenda kupinga. Si nyingi, na zimeandikwa nyuma ya karatasi. Hukwenda. Hiyo imeshapiga."

"Na ya kulipa?" nikauliza, na moyo unanidunda kama wa bibi harusi.

"Ya kulipa, kwenye karatasi hii hamna mwisho. Ipo mpaka ilipwe. Faini nyengine siziapii, kila moja ina sheria yake. Lakini hii ndiyo hivyo."

Kupinga kunazeeka, kulipa hakuzeeki. Nilitamani kumbusu mtoto yule. Nikamtazama Saadiya nione kama ameumia, nikamwona anapepea upepo na ncha ya mtandio, hana habari. Hilo likaniuma zaidi. Mtu ukimshinda, angalau ajue.

"Isome basi," nikamwambia Ulfat, ili niinogeze raha yangu. "Tunaisema tu hiyo faini kama mtu aliyeko safarini."

Laiti ningenyamaza. Ulfat akairekebisha miwani. "Kuegesha mahali palipokatazwa. Barabara, Vuga. Siku, Ijumaa. Saa, sifuri mbili, sifuri sifuri."

"Hiyo ndiyo saa ngapi?"

"Kwa saa za kompyuta, ni saa nane za usiku."

Nikapiga hesabu. Zamu yangu huanza Alhamisi jua likizama, mpaka Ijumaa jua likizama. Saa nane za usiku wa kuamkia Ijumaa, Hashil yupo kitandani kwangu anakoroma. Na gari yake ipo wapi? Vuga, chini ya dirisha la Saadiya.

"Hashil," nikasema taratibu.

"Naam."

"Uliniacha nimelala, ukatoka kama paka?"

"Mimi? Saa nane za usiku? Na macho haya? Hata choo chako sikioni saa nane za usiku!"

"Miaka mitatu nyuma macho ulikuwa nayo. Usiku wangu, Hashil. Usiku niliouomba, nikaupewa, ukaapa. Umekwenda kuutumia Vuga!"

Saadiya akaacha kujipepea. "Subiri, Bi Dalal. Saa nane za usiku hajawahi kuja kwangu katika zamu yako. Haki ya Mungu. Mlango nafunga kwa komeo tatu, hata mende hapiti."

"Basi kama hakuwa kwako, alikuwa kwa nani?"

Nikaiona ile habari inamwingia Saadiya. Vuga kuna nyumba nyingi. Akageuka polepole, akamtazama Hashil kwa macho ambayo mimi nayajua, maana ni yangu. Kwa mara ya kwanza tangu tuolewe na mtu mmoja tulikuwa upande mmoja, na sikupendezwa nalo hata kidogo. Hata wivu nao anataka tugawane!

"Nani anakaa pale chini, Saadiya?" nikauliza.

"Kuna mjane mmoja," akasema Saadiya. "Anapika visheti."

"Visheti!"

"Jamani!" akalia Hashil. Jasho lilikuwa linamtoka. "Ulfat, mwanangu, waeleze hawa!"

Ulfat alikuwa ameisogeza karatasi karibu na macho. "Ngojeni kwanza. Miaka ile askari wa maegesho walikuwa wakiandika kwa mkono. Huyu pengine kaandika saa mbili, kama tunavyosema sisi wenyewe. Halafu aliyeingiza kwenye kompyuta akaacha mbili ileile, hakuigeuza. Tena askari wa maegesho gani anazunguka saa nane za usiku? Hii ni saa mbili yetu ya Kiswahili."

"Umeona!" Hashil akapiga goti. "Umeona! Saa mbili!"

"Saa mbili ya usiku au ya asubuhi?" nikauliza.

Sasa nisikilizeni. Angesema ya usiku, angeokoka. Ijumaa saa mbili usiku, baada ya sala ya isha, jua limeshazama, zamu imeshahamia kwa Saadiya, gari yake ina haki ya kukaa Vuga mpaka iote mizizi. Njia ilikuwa wazi mbele yake. Lakini mtu aliyeshitakiwa kwa jambo la usiku huukimbia usiku wenyewe.

"Ya asubuhi!" akasema Hashil. "Wallahi ya asubuhi! Jua limewaka, watu wanapita, watoto wanakwenda skuli! Sikuwa na baya, nilikuwa nakunywa chai tu!"

Nikamsogelea.

"Chai," nikasema.

Akaanza kuikunja ncha ya kanzu.

"Chai na nini, Hashil?"

"Chai... tupu."

"Chai na nini?"

"Na muhogo."

"Muhogo mkavu?"

"Wa nazi."

"Na?"

"Na pweza. Kidogo. Mkia tu."

"Pweza hana mkia, Hashil."

Hapo nikaikumbuka ile gesi. Mnaomjua Hashil mtaikumbuka. Msimu mzima, kila Ijumaa asubuhi, alikuwa akitoka kununua mkate wa ajemi, anakaa, anakaa, anarudi na mkate umepoa. Mimi nimeshaandaa vitumbua, nimepika mbaazi za nazi tangu alfajiri, yeye anajishika tumbo: "Bi Dalal, leo sili, tumbo limejaa gesi." Na mimi mjinga wa watu! Nikimchemshia tangawizi na karafuu. Nikimpaka mafuta ya habbasoda tumboni, namzungushia kiganja na kumsomea. Tumbo limejaa pweza wa Saadiya, na mimi nalisomea! Kisha siku moja gesi ikakata yenyewe. Nikadhani ni dawa yangu. Nikaisambaza dawa ile mtaa mzima. Mpaka leo kuna watu Mkunazini wanakunywa tangawizi yangu kila Ijumaa na kuniombea dua. Kumbe iliyomponya ni ile karatasi kwenye kioo. Aliogopa, akaacha kwenda.

Nataka mnifahamu vizuri. Usiku ningesamehe. Kwa umri wetu usiku ni kukoroma na kutafuta glasi ya maji. Lakini asubuhi! Asubuhi ndiyo ndoa. Mtu anakaa mbele yako na uso aliouamkia, unamkatia kitumbua, anakwambia alichoota. Hiyo ndiyo aliyoiba, akaipeleka Vuga.

"Mie Bi Dalal sina kosa," akasema Saadiya. "Yeye aliniambia Ijumaa wewe unachelewa kuamka."

"Mimi? Mimi ninayemwamsha muadhini?"

"Ndiyo alivyosema. Nikamhurumia. Nikasema maskini, mtu mzima, anatoka na njaa."

Maskini! Nikamtazama maskini. Maskini alikuwa amekigeukia kipande cha sabuni ya mdalasini, anakisoma kama kina herufi.

Hashil mtu wa ajabu. Badala ya kuomba radhi akamgeukia Ulfat. "Lakini basi saa wamekosea! Karatasi inasema saa nane za usiku na mimi nilikuwepo asubuhi. Nenda ukapinge. Faini yenye saa ya uongo si faini."

"Ungekwenda wakati ule, Mzee Hashil, pengine wangekusikiliza," akasema Ulfat. "Sasa muda wa kupinga umepita. Hata kama saa imekosewa, itabaki ilivyo."

"Daima?"

"Daima."

Hashil akasema basi atalipa, pensheni ikitoka mwisho wa mwezi, gari ihamishwe yaishe. Saadiya akaaga na cheko lake. Ulfat akakunja karatasi akaniachia, akidhani nataka kuisoma tena. Hakukosea.

Niliisoma siku ile, na kesho yake, na keshokutwa. Mwanzo nilikuwa nasoma ile saa. Halafu nikajikuta nasoma jambo jengine, likaniuma kuliko gari, kuliko pweza. Karatasi ile ina nembo. Ina namba. Serikali imeandika, ikaweka kwenye kompyuta zake, kwamba Hashil alikuwa kwa Saadiya. Watu wanakufa, nyumba zinaanguka, lakini hilo lipo, tena halipingiki. Na mimi? Ijumaa zangu zote, vitumbua vyote, miaka yote niliyolala na mtu yule kabla Saadiya hajajua kama Vuga ipo: zimeandikwa wapi? Hakuna askari hata mmoja aliyewahi kubandika karatasi kwamba Hashil alikuwa kwangu. Hapo ndipo niliposema, na mimi naitaka yangu.

Hashil, ambaye bado alikuwa akiendesha kwa kuibia, daktari asijue, kwa desturi akija kwangu gari huiacha mbali, Darajani, panaporuhusiwa, kisha hutembea. Mdomoni mwa kichochoro chetu pana kibao kipya cha kukataza magari, kina mstari mwekundu mnene. Kipofu angekiona, lakini Hashil hana tena macho ya kipofu huyo. Alhamisi ile nikamwambia nna gunia la nazi dukani kwa Mhindi, magoti hayabebi, kesho asubuhi anipitishie na gari hadi hapo mdomoni.

"Pale si pamekatazwa?" akauliza.

"Dakika moja tu, mume wangu. Unashusha unaondoka."

Ijumaa ikafika. Tukashusha nazi. Nikamwambia panda kwanza ndani unywe japo kikombe, usiondoke na koo kavu. Akapanda. Nilikuwa nimempikia mkate wa kumimina, vitumbua, mbaazi, na pweza. Ndiyo, pweza wa nazi, mikono yote minane, hesabu mwenyewe. Hashil alipofunua sahani, akanitazama kama mtu aliyefunguliwa mlango wa jela.

"Kula taratibu," nikamwambia. "Nakwenda kumlipa mpagazi."

Nikashuka na kibirika cha kahawa. Askari wa maegesho wa upande wetu anaitwa Ridhwan, mtu mzima, masharubu mazito, hupita kila asubuhi. Siku hiyo alikuwa amesimama anaitazama gari ya Hashil, anasitasita.

"Shikamoo, Bi Dalal. Hii si gari ya mzee? Nenda ukamwite aiondoe, nisije nikamwandikia bure."

"Marahaba. Usimsumbue, anakula."

"Lakini hapa pamekatazwa."

"Ndiyo nnavyoona. Kibao kikubwa. Andika, mwanangu."

Akanitazama. "Nimwandikie mumeo?"

"Sheria ni sheria. Kunywa kahawa kwanza mkono usitetemeke."

Siku hizi wana kimashine kidogo, kinanguruma kinatema karatasi. Akabonyeza, ikatoka. Nikaichukua mkononi mwake kabla hajaibandika.

"Hapa pameandikwa Mkunazini?"

"Mkunazini, bibi."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa."

"Na hii sifuri nane?"

"Ndiyo saa mbili ya asubuhi, kwa saa za mashine."

"Sitaki. Watu wataisoma saa nane. Watasema alikuwa kwangu saa nane ya mchana amekuja kulala tu. Andika asubuhi."

"Mashine haina asubuhi, Bi Dalal."

"Kalamu unayo?"

Akaniandikia kwa kalamu, pembeni, *asubuhi*, kwa mwandiko mzuri. Nikambariki yeye na masharubu yake. Karatasi nikaipeleka juu, nikaitia kwenye bati la biskuti, chini ya mtandio wangu wa harusi. Hashil alikuwa anafuta sahani kwa kipande cha mkate.

"Umelipa?" akauliza.

"Bado," nikasema. "Italipwa."

Kila asubuhi nikilifungua bati, nasoma nyuma ya karatasi zile siku za kupinga. Nikazingoja zipite kama mtu anayengoja eda yake iishe. Zikapita. Sikumwambia mtu. Siku ya pensheni Hashil akavaa tena kanzu ya Idi, wakatoka yeye na Saadiya kwenda kulipa faini ya Vuga na kuihamisha gari. Mimi nikapika chai, nikangoja.

Alirudi kabla ya adhuhuri, na Saadiya nyuma yake.

"Dalal," akasema. "Nimelipa ya Vuga. Wakaniambia gari haihamishiki, ina faini nyengine. Ya Mkunazini."

"Loo!"

"Karatasi iko wapi?"

Nikalileta bati, nikamkabidhi. Akaisogeza karibu na pua, akaisoma, akafika kwenye lile neno la kalamu. Akakaa nalo.

"Ulinilisha pweza ili niandikiwe faini?"

"Nilikulisha pweza kwa sababu unampenda. Faini ilikuja yenyewe, mahali pamekatazwa."

"Naweza kupinga?"

"Muda umepita."

Nilidhani ataghadhibika. Akaikunja karatasi vizuri, akairudisha chini ya mtandio wa harusi, akalifunga bati. "Sirudi tena kwenye dirisha lile la ofisini," akasema. "Faini nitamtuma Ulfat akalipe. Gari ibaki kwa jina langu. Nikifa, gombaneni."

Kwa hiyo nilishinda, na kiti cha mbele ni changu. Juzi tulikuwa na harusi Chwaka. Saadiya ndiye aliyeendesha, kwa kuwa ndiye mwenye leseni, mimi mbele, Hashil nyuma na vikapu, amelala kabla hatujauacha mji. Nilikuwa nimeshusha kioo bila ya kumwomba mtu.

"Hongera, Bi Dalal," akasema Saadiya, macho barabarani. "Nimeona nawe unayo karatasi yako. Tumelingana sasa, moja moja."

"Hatukulingana," nikasema. "Yako ina makosa. Yangu imeandikwa sawasawa, asubuhi, kwa kalamu."

"Ni kweli." Akabadilisha gia taratibu. "Yako kila mtu ataisoma atajua bwana alikuja kula. Yangu mimi imesema saa nane za usiku."

Na akacheka lile cheko lake, mpaka Hashil akaamka akauliza tumefika.

Nilikipandisha kioo. Sikuona harusi, sikuona biriani. Tangu juzi hapa nilipo silali. Na nyinyi mnaopita Mkunazini, mkimwona Ridhwan mwenye masharubu, mwambieni Bi Dalal anauliza: hivi hawa askari wa maegesho, mtu akiwaomba kwa adabu, hawafanyi kazi usiku?